Je, Wajua? Ubaridi wa Kutengeneza Katika Joto la Bura

Je, wajua kwamba mkulima mkongwe zaidi wa chumbani katika nyika za Tana River si binadamu? Ni mchwa. Wale wanaojenga vichuguu virefu hawaishi kwa kula kuni na majani makavu moja kwa moja. Huvitafuna, huviteremsha chini ya ardhi, huvifinyanga vikawa masega, kisha juu ya masega hayo huotesha kuvu. Kuvu ndiyo inayowalainishia chakula. Nayo ina madaha yake: inataka joto la nyuzi 30 hivi, mchana na usiku, na hewa yenye unyevu unaokaribia kujaa, ilhali juu yake jua linachoma na upepo umekauka.

Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba katika bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, wamepata viota vya mchwa vilivyogeuka mawe, bustani za kuvu zikiwa bado ndani. Umri wake ni miaka milioni 25. Binadamu alianza kupanda mbegu miaka 10,000 hivi iliyopita.

Namna kichuguu kinavyopata hewa imebishaniwa sana. Martin Lüscher, Mswisi, alieleza mwaka 1961 kwamba joto la mchwa wenyewe na la kuvu hupandisha hewa katikati, ikapoa kwenye kuta na kuteremka tena. J. Scott Turner, aliyechunguza vichuguu vya Namibia, akaja kuonyesha kwamba upepo wa nje unaobadilikabadilika ndio unaosukuma na kuvuta hewa humo. Wote wanakubaliana juu ya fundi. Tundu likiingiza hewa kavu kupita kiasi, mchwa waliopo hapo hulikandika tope. Penye uzito wa hewa, hutoboa. Mtu anayetaka kuotesha miche, nyanya au uyoga ndani ya chumba huko Bura anahitaji kazi iyo hiyo ifanywe, ila yeye hana mchwa. Ana kisanduku cha ukutani.

Kisanduku hicho, kidhibiti cha hali ya hewa, chenyewe hakipoozi wala hakipashi joto. Ni swichi iliyofundishwa namba. Kihisi hukiletea habari za joto na unyevu, nacho huzilinganisha na namba ulizokiwekea, kisha huwasha au kuzima feni, pampu au taa kupitia rilei. Ndiyo maana malalamiko mengi ya kwamba mashine imeharibika, yakifuatiliwa hadi mwisho, hukutwa yametoka kwingine: kihisi kilichotundikwa pabaya, maji, au stima.

Kabla hatujaendelea, ukiagiza mashine hakikisha dereva anajua ni Bura ipi. Iko Bura ya Taita Taveta, iko Bura ya Kaunti ya Garissa ng'ambo ya mto, na iko hii yetu ya Tana River yenye mashamba ya unyunyiziaji. Mzigo uliopotea kati ya Bura hizo haurudi upesi.

Je, wajua kwamba ukame wa hewa ya Bura, ambao kila mtu huulalamikia, ndio mtaji mkubwa wa anayetaka kutengeneza ubaridi? Bura hupata mvua ya milimita 400 hivi kwa mwaka, ilhali jua na upepo vina uwezo wa kukausha zaidi ya milimita 2,000 za maji katika mwaka huo huo. Hewa hiyo ina kiu. Ikipita penye kitu kibichi hunyonya maji, na maji yakigeuka mvuke huchukua joto na kuondoka nalo. Mtungi wa udongo hupoza maji ya kunywa kwa njia hiyo, na kila mtu aliyewahi kunywa maji ya mtungini Bura na kisha Lamu anajua tofauti.

Tutie namba. Chukua vipimajoto viwili vya kawaida, kimoja ukifunge kitambaa cha pamba kilicholowa na ukipepee. Alasiri ya nyuzi 36 na unyevu wa asilimia 35, kipimajoto kikavu kitasoma 36 na kile cha kitambaa kitashuka hadi kama 24. Hizo nyuzi 24 ndizo sakafu: hakuna feni wala pedi ya maji, ule ukuta wa karatasi ngumu iliyoloweshwa ambao hewa hupitia, itakayokupeleka chini yake. Pedi nzuri hufika asilimia 80 hivi ya safari hiyo, kwa hiyo hewa inayoingia chumbani itakuwa na nyuzi 26 na ushei. Nyanya inapumua.

Sasa beba mashine hiyo hiyo uteremke nayo Garsen, karibu na delta na bahari, siku ya nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75. Kitambaa kitashuka hadi 27 tu. Pedi ileile, feni ileile, umeme uleule, na utapata nafuu ya nyuzi tatu. Anayesifiwa kidhibiti na mtu wa Bura kisha akakinunua kwa matumizi ya Kipini au Lamu atadhani ameuziwa kitu kibovu. Hakuuziwa kibovu, hewa ya kwake imeshashiba.

Lita moja ya maji ikigeuka mvuke yote huondoa joto sawa na uniti 0.68 ya umeme. Tazama tokeni zako za stima ukiwa na hesabu hiyo kichwani. Chumba cha mita sita kwa tatu, chenye urefu wa kwenda juu wa mita mbili na nusu, kikibadilishiwa hewa yote kila dakika kwa muda wa saa nane, kitakula maji kama lita 100 kwa siku katika hali ile ya nyuzi 36. Hayo ni madebe matano. Joto litakalokuwa limeondoka ni la uniti karibu 68, nawe utakuwa umelipia feni na pampu ndogo tu.

Asili ya kisanduku chenyewe inachekesha kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 17, Mholanzi Cornelis Drebbel, aliyekuwa akiishi Uingereza, alitengeneza tanuri la kuangulia mayai lililojirekebisha joto lenyewe: zebaki ikipanda kwa joto, ilisukuma kifuniko cha hewa na moto ukapungua. Kwa hiyo kidhibiti cha kwanza kilitumikia vifaranga. Mwaka 1883, Warren Johnson, mwalimu wa chuo huko Wisconsin, Marekani, alipata hataza ya themostati ya umeme, baada ya kuchoshwa na wahudumu waliokatiza masomo kuingia darasani kutazama kipimajoto kisha kushuka chini kurekebisha tanuri. Na mashine ya Willis Carrier ya mwaka 1902, ile inayohesabiwa kuwa mwanzo wa viyoyozi vya leo, haikubuniwa kumburudisha mtu yeyote. Ilikuwa ya kiwanda cha uchapishaji cha Brooklyn, ambako karatasi zilivimba kwa unyevu na rangi zikakosa kukaa mahali pake. Shida ilikuwa unyevu. Ubaridi ulikuja kama nyongeza.

Kuhusu unyevu, Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alitambua mwaka 1783 kwamba unywele wa binadamu hurefuka hewa ikiwa na unyevu na hufupika ikikauka, akautumia kutengeneza kipimo. Vipimo vya unywele vilitumika kwa zaidi ya karne moja baada ya hapo. Vihisi vya leo vina utando mwembamba wa plastiki unaonyonya mvuke, umeme ukipimwa juu yake. Utando huo una adui wengi: vumbi, ukungu wa maji yenye chumvi, na zaidi ya yote dawa za kupulizia wadudu. Anayepuliza dawa chumbani bila kukitoa kihisi au kukifunika atakuwa, baada ya miezi michache, anaongozwa na kipofu.

Je, wajua kwamba chumvi ya jikoni ni mwalimu wa kupimia kihisi? Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakina gharama na hakidanganyi. Chukua kizibo cha chupa ya soda, kijaze chumvi, udondoshee maji kidogo kidogo hadi chumvi iwe kama mchanga uliolowa. Isiyeyuke, ikiyeyuka yote umeharibu, ongeza chumvi. Weka kizibo ndani ya mkebe wa plastiki unaofunga vizuri, weka kihisi humo humo bila kugusana na chumvi, kaza kifuniko, weka mahali pasipo jua, na uache usiku kucha. Asubuhi kihisi lazima kisome asilimia 75. Kikisoma 82, kina uongo wa saba, na vidhibiti vingi vina mahali pa kuandika sahihisho hilo. Uzuri wa chumvi ni kwamba joto haliisumbui: kwenye nyuzi 25 hutoa asilimia 75.3, kwenye nyuzi 35 hutoa 74.9. Kwa mji kama Bura hiyo ni neema. Na chumvi yenyewe haitoki mbali. Mashamba yake ya Gongoni, kwenye pwani ya kaskazini ya Malindi, yapo kando ya njia ya kwenda Garsen.

Joto lina kipimo chake pia: barafu iliyopondwa, maji kidogo, koroga, na kihisi kisichoingia maji kitumbukizwe. Kisome sifuri. Kikikataa kwa nyuzi mbili, ujue tangu leo.

Hata kihisi kinachosema kweli kabisa kitakudanganya kikikaa pabaya, na kosa lenyewe limezoeleka. Fundi hukitundika karibu na kisanduku, ukutani, kwa sababu waya uliokuja nacho ni mfupi. Ukuta wa mabati unaopigwa na jua la Bura huwa moto kuliko hewa ya chumba kwa nyuzi nyingi, kwa hiyo feni hukimbia mchana kutwa na bili hupanda. Wengine hukitundika mbele ya pedi. Hapo kinaonja hewa iliyotoka kuoga, kinatangaza raha, na feni inazimwa huku mimea ya upande wa pili ikinyauka. Mahali pake ni katikati ya chumba, usawa wa vichwa vya mimea, ndani ya kikasha cheupe chenye matundu na feni ndogo ya kuvuta hewa, ili jua lisikiguse. Mimea ikirefuka, nacho kipandishwe. Waya wake usifuatane na waya wa mota, maana umeme wa mota huingiza kelele na namba huanza kurukaruka pasipo sababu.

Kuweka namba ndiko kunakowatesa wengi, ingawa ni kazi ya nusu saa. Kwanza jaribu kila kitu kwa mkono, bila otomatiki: feni inazunguka kuelekea upande unaostahili, yaani inatoa hewa nje? Feni ya mota ya nyaya tatu za umeme mkubwa, nyaya mbili zikipishanishwa, huzunguka kinyume, na bado itavuma vizuri tu masikioni. Shika ukanda wa plastiki mwembamba mbele ya pedi, uvutwe ndani. Kisha angalia kama pampu inalowesha pedi yote, juu hadi chini, bila mistari mikavu. Palipo na mstari mkavu, hewa ya moto hupenya hapo kwa raha zake, kwa kuwa hewa daima hupita penye njia rahisi. Vivyo hivyo mlango usiofunga na plastiki iliyopasuka: feni itavuta kutoka hapo na kuisahau pedi.

Halafu panga hatua. Nyuzi 26, matundu ya juu yafunguke. Nyuzi 28, matundu yafungwe na feni ya kwanza iwake, ili hewa ipite kwenye pedi. Nyuzi 30, feni ya pili. Pampu ya pedi iwe ya mwisho, nyuzi 31 hivi, maana maji ndiyo ya kubania. Kati ya namba ya kuwasha na namba ya kuzima acha pengo la nyuzi mbili. Anayeweka pengo la nusu nyuzi kwa kutaka usahihi atasikia rilei ikigonga ta-ta-ta siku nzima, mota zikiwaka na kuzima, na mwezi hautaisha kabla hajatafuta rilei nyingine. Mimea haihitaji usahihi huo.

Kwa nini kuhangaika na nyuzi hizi? Nyanya hujibu kwa chavua. Mchana ukipita nyuzi 32 hadi 35, na usiku ukikataa kushuka chini ya nyuzi 21 hadi 24, chavua hudhoofika, maua huanguka, na mmea hubaki na majani mazuri ya kupigia picha. Usiku wa Bura mara nyingi unakaa juu ya mpaka huo, na pedi haiwezi kusaidia sana usiku kwa kuwa hewa yenyewe imekwisha kupata unyevu. Maoni yangu ni kwamba kwa nyanya, chumba cha Bura kianze na neti ya kivuli na kuta za wavu kabla ya kufikiria plastiki. Banda la plastiki lililofungwa, lililobuniwa kwa baridi ya nyanda za juu, huku huwa tanuri.

Nako nyanda za juu wanapambana na kinyume chake. Je, wajua kwamba mashamba ya waridi ya Oserian, kando ya Ziwa Naivasha, yalianza kupasha joto vitalu vyake kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria mwaka 2003? Hekta 50 zilitiwa mabomba. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri hewa ya ndani hupoa hadi unyevu unajaa na umande kutua kwenye petali, ndipo kuvu hushika. Joto la usiku lilishusha unyevu huo na kupunguza dawa za kuvu, na kaboni dayoksaidi iliyotoka kisimani ikapelekwa kwa waridi.

Umande haujasusia Bura pia. Hewa ya chumba chenye nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande kwenye kitu chochote kilichopoa hadi nyuzi 21. Plastiki ya paa usiku hupoa haraka kuliko hewa. Anayeacha pampu ya pedi ifanye kazi hadi saa nne za usiku, kwa kuwa kidhibiti kinaona bado kuna joto, ataamka akute matone na baada ya wiki doa la kijivu kwenye majani. Kidhibiti chenye saa kipewe amri: pampu izimwe jua linapotua, feni iendelee nusu saa zaidi ikaushe pedi. Ukaushaji huo pia huua mwani.

Upepo nao una lake. Pedi hutakiwa kutazama upepo unakotoka, na feni zitoe hewa upande upepo unakoelekea, la sivyo feni hushindana na upepo na hewa hupungua. Rahisi kusema kwa watu wa nchi ambazo upepo una tabia moja. Huku kusi huvuma kutoka kusini kuanzia kama Aprili, nao una nguvu. Kaskazi huingia Novemba hadi Machi, na miezi ya Februari na Machi ndiyo ya joto kali zaidi. Pedi zitazame wapi? Ningezielekeza kusini, kwa kuwa kusi ndio wenye ubavu wa kuizuia feni, na kwa miezi ya kaskazi ningezijengea feni kikinga cha mabati mbele yake. Lakini nimesikia hoja nzuri ya kinyume, ya kwamba vita vyote viko Februari na pedi ziwekwe kwa ajili ya mwezi huo. Aliye na chumba kidogo chenye neti pande zote hana haja ya ubishi huu.

Maji ya Tana, kila anayeyachota anajua, huja na udongo wake. Ukiyapeleka moja kwa moja kwenye pedi ya karatasi ngumu, vijitundu huziba. Tangi la kutulizia tope ni la lazima, na pampu inyonye kutoka juu, si chini. Maji ya visima vingi mbali na mto yana chumvi, nayo ina ujanja wake: maji yakitoka kwa mvuke, chumvi hubaki. Kila mzunguko maji ya tangi huwa mazito zaidi, hadi pedi ifanye ukoko mweupe. Dawa yake ni kumwaga sehemu ya maji hayo kila siku na kuongeza mapya. Ukoko mweupe upande wa hewa inakoingia ni dalili kwamba maji yanayomwagwa ni machache.

Pedi za dukani zikikosekana, makaa yaliyojazwa kati ya nyavu mbili za waya hufanya kazi. Ndivyo majokofu ya makaa ya kuhifadhia mboga yanavyojengwa nchini. Na makaa Bura hayakosekani. Mathenge, mti uliopandwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili walowezi wa mradi wa unyunyiziaji wapate kuni, umesambaa hadi kufunga mifereji na malisho. Mbegu za kwanza zinazojulikana nchini zilipandwa Bamburi, Mombasa, mwaka 1973. Sioni matumizi bora ya mathenge kuliko kuuchoma makaa na kuyalowesha.

Katika kupoza kwa maji, wenzetu wa Oman wamekwenda mbali zaidi na wamelipa zaidi. Kwenye pwani ya Batinah, vitalu vya matango hupozwa kwa pedi na feni karibu mwaka mzima, na maji ya kupozea yanaweza kuzidi yale ya kunyweshea mimea yenyewe. Kwa sababu hiyo, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilishiriki kujenga kitalu karibu na Muscat kinacholowesha pedi kwa maji ya bahari, kisha kunasa sehemu ya mvuke ikawa maji baridi ya kunyweshea. Charlie Paton, Mwingereza aliyebuni njia hiyo, baadaye aliipeleka hadi Berbera, Somaliland, kwa sura ya bei nafuu yenye neti badala ya plastiki.

Bura yenyewe iliwahi kufundishwa kuhusu pampu, kwa kipimo kikubwa. Mradi wa unyunyiziaji ulipata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1977. Zilipangwa hekta 6,700. Zilizoendelezwa hazikuzidi sana 2,500. Maji yalivutwa kutoka Tana kwa pampu za dizeli pale Nanigi, na pamba ya familia za walowezi ilitegemea mashine hizo na mafuta yake. Mashine zilipochakaa, mashamba yalikauka. Ndiyo maana mradi wa baadaye ulikuwa wa mfereji wa kuleta maji kwa mteremko, bila dizeli. Mwenye chumba cha kuoteshea naye aweke tangi juu ya paa la jengo la jirani au juu ya mnara wa mbao, maji yateremke kwenye pedi hata pampu ikifa.

Na ukiotesha uyoga badala ya nyanya, uyoga wa mamama unaweza kukuambia shida ya hewa bila kifaa. Ukiona shina limerefuka na kofia imekuwa ndogo, kaboni dayoksaidi imejaa. Fungua hewa, usiguse joto. Kofia zikipasuka kingo na kuwa za manjano, hewa ni kavu. Kwa Bura, aina ya pinki ndiyo inayovumilia nyuzi 24 hadi 30, na nyasi za mpunga wa delta ni chakula chake kizuri.

Stima ya mwisho wa laini ina tabia ya kushuka. Voltiji ikishuka, kontakta huachia na kushika, kuachia na kushika, na mota hupata moto wakati feni yenyewe inazunguka kivivu. Kifaa cha kukata umeme voltiji inapozidi au kupungua, kikiwa na kuchelewa kwa dakika tatu kabla ya kurudisha, ni cha bei ndogo kuliko mota. Na kama unanunua feni, jua hesabu hii: nguvu inayoliwa hufuata mchemraba wa kasi. Feni ikizunguka kwa nusu ya kasi hula sehemu moja ya nane ya umeme. Kwa hiyo feni mbili za nusu kasi husukuma hewa ileile ya feni moja ya kasi kamili kwa robo ya umeme. Wenye sola walitambua hili mapema kuliko wenye laini.

Je, stima ikipotea saa saba mchana? Chumba kilichofungwa kinaweza kuua miche kabla ya alasiri. Wajenzi wa vitalu hutumia mota zenye springi: umeme ndio unaolishikilia tundu la juu likiwa limefungwa, ukikatika springi hulifungua. Isipopatikana mota hiyo, sumaku ya umeme ya kufungia milango hufanya kazi vizuri. Bamba la tundu huning'inizwa kwa bawaba ili uzito wake wenyewe ulifungue, na sumaku hulishika. Stima ikirudi, sumaku haina nguvu ya kulivuta kutoka mbali. Mtu lazima apande ngazi alisukume kwa mkono, na hapo ndipo mwenye chumba anapojua kwamba stima ilipotea alipokuwa hayupo.